Kumdhamini Mtu na Kudhamini Deni: Lugha ya Ufilisi katika Sheria ya Kenya

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala hii alimpelekea mjomba wake fomu ya mkopo wa masomo ya chuo kikuu ili aijaze sehemu ya mdhamini. Mjomba aliivaa miwani, akaigeuza fomu huku na huku, kisha akauliza, "Hapa natia sahihi kwamba nakujua?" Jibu alilopewa lilikuwa fupi: "Ndiyo, Mjomba." Akatia sahihi, akaandika nambari ya kitambulisho, chai ikaendelea. Jibu lile halikuwa kweli, ijapokuwa mwenye kulitoa hakulijua hilo. Fomu haikumwuliza Mjomba kama ananijua. Ilimwuliza kama atalipa.

Kosa hili halikutokana na ujinga wa mtu mmoja. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba limejengeka katika namna tunavyokitumia kitenzi *dhamini*, na kwamba msomi wa Kiswahili ana kazi ya kufanya hapa, pengine kubwa kuliko ya wakili. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hata hivyo, sheria za nchi hutungwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kuwa watu huombana udhamini kwa Kiswahili au kwa lugha za nyumbani, kisha wakatia sahihi Kiingereza.

Mdhamini ni nani?

Neno *dhamana* na jamaa zake yametujia kutoka Kiarabu, pamoja na *rehani* na *muflisi*. Katika matumizi ya sasa, *mdhamini* limebebeshwa mizigo minne. Kuna mdhamini wa mkopo. Kuna mdhamini anayemtoa mshtakiwa rumande. Kuna wadhamini wanaoketi katika baraza la kusimamia mali ya msikiti, kanisa au shule. Tena kuna mdhamini wa mashindano ya kandanda, ambaye nembo yake huchapishwa kwenye jezi na jina lake kutajwa redioni. Huyu wa nne hutoa fedha kwa hiari na kupigiwa makofi. Angefaa kuitwa mfadhili. Kwa bahati mbaya ndiye anayesikika zaidi, na sifa zake zimewafunika wenzake. Mtu anapoambiwa "nidhamini," husikia heshima kabla ya kusikia deni.

Jambo la pili ni la kisarufi. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema *nimemdhamini Juma*. Kiambishi cha yambwa kinamwelekea mtu, kwa hivyo fikra zetu zinaelekea kwenye tabia yake: ni mwaminifu, hana ulevi, mama yake tunamjua. Sheria inaelekeza kitenzi kwingine. Kinachodhaminiwa ni mkopo, si Juma. *Nimeudhamini mkopo wa Juma*. Tofauti ya *-m-* na *-u-* ni ndogo kwa sikio, lakini ndiyo tofauti ya shahidi na mlipaji. Shahidi akishasema ajualo, kazi yake imekwisha. Waislamu watakumbuka kwamba aya ya 282 ya Sura Al-Baqara inaagiza deni liandikwe na mashahidi waitwe. Mashahidi wale hawakuagizwa walipe. Mjomba alidhani yumo katika kundi hilo.

Kifungu cha 3(1) cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23 ya Sheria za Kenya, kinasema kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine isipokuwa ahadi hiyo iwe imeandikwa na kutiwa sahihi. Asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1677. Kwa hivyo maneno ya "mimi nipo, msiwe na shaka" yaliyosemwa barazani hayamfungi msemaji mahakamani. Lakini kinga hii ina upande wake wa pili: sahihi ikishakuwapo, mahakama haiulizi sana kilichokuwa moyoni mwa aliyeitia.

Aliyesoma *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, ameliona jambo hili likiigizwa. Aliyehitaji ducati 3,000 ni Bassanio. Aliyefungwa na hati ni Antonio. Mwili uliowekwa hatarini ni wa huyu wa pili, na mbele ya hakimu hakuna anayetaka kujua fedha zilitumiwa na nani. Wahakiki wetu wameuandikia mchezo huu mengi kuhusu ubepari, na ndivyo inavyostahili kwa jina alilolichagua mfasiri. Wachache wameusoma kama hadithi ya mdhamini.

Mufilisi, mfilisi

Mkopaji asipolipa, mdai ana njia kadhaa, na mojawapo ni ufilisi. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao mara nyingi hatuutumii. *Kufilisi* ni tendo lenye mtendaji. *Kufilisiwa* humwacha mtendaji nyuma ya pazia, ila tunajua yupo. *Kufilisika* ni kauli ya kutendeka, na huleta picha ya kikombe kilichovunjika chenyewe. Mtaani tunasema "duka la fulani limefilisika" tukimaanisha hana kitu. Kisheria, kukosa fedha hakumfanyi mtu kuwa mufilisi. Ufilisi ni hali inayotangazwa na mahakama kwa ombi la mdai au la mdaiwa mwenyewe. Mdai anaweza kumpelekea mdaiwa hati rasmi ya madai. Siku 21 zikipita pasipo malipo wala pingamizi, sheria humchukulia mdaiwa kuwa hawezi kulipa. Basi maskini wengi si mufilisi, na mufilisi wengine wana magari.

Tuzingatie pia jozi ya *mufilisi* na *mfilisi*. Wa kwanza ni aliyefilisika. Wa pili ni anayekusanya na kuigawa mali yake. Irabu moja imewatenganisha mwenye kupoteza na mwenye kugawa, na mpiga chapa mzembe anaweza kuwabadilisha viti. Hata hivyo ningelitetea neno *mfilisi*. Huyu mgawaji akiitwa *mdhamini*, kama wanavyoitwa wasimamizi wa mali ya wengine, ukurasa mmoja utakuwa na wadhamini wawili: mmoja wa kuzigawa fedha na mwingine wa kuzilipa.

Hadi mwaka 2015 ufilisi wa mtu binafsi ulitawaliwa na Sura ya 53, sheria yenye asili ya ukoloni, huku kampuni zikishughulikiwa chini ya sheria ya kampuni. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 iliwaweka wote chini ya paa moja. Tofauti kubwa kwa raia ni kwamba zamani mufilisi alihitaji kurudi mahakamani kuomba aachiliwe, na wengi waliishi na jina hilo miaka mingi. Sasa, pasipo pingamizi, huachiliwa baada ya miaka 3 tangu alipowasilisha maelezo ya mali na madeni yake. Aidha kuna njia za kuuepuka ufilisi wenyewe: kupatana na wadai, kulipa kidogo kidogo kwa amri maalumu, au, kwa asiye na mali mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, utaratibu wa wasio na mali. Jina bado lina uzito. Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia mufilisi ambaye hajaachiliwa kugombea ubunge.

Foleni ya wadai

Amri ya ufilisi ikitolewa, wadai hukatazwa kumvamia mdaiwa kila mmoja kwa wakati wake. Wanapangwa foleni. Mwenye rehani hasimami humo. Yeye ana kitu chake mkononi, akiuze ajilipe. Kwa kinachobaki, gharama za ufilisi hutangulia. Hufuata mishahara ya wafanyakazi ya miezi 4 ya mwisho, kwa kiwango kisichozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja, kisha kodi za aina fulani. Wadai wasio na rehani huja mkiani, na hugawana kwa uwiano. Wagavi wengi wa Nakumatt walijikuta mahali hapo, pale duka hilo lilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na wadai wakapiga kura ya kulifunga mwaka 2020.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa samani amefilisiwa. Anadaiwa 200,000 na mwuza mbao, 150,000 na mwenye nyumba, na 50,000 na mkopeshaji mdogo wa fedha. Baada ya waliotangulia kulipwa, zimebaki shilingi 100,000. Deni lote ni 400,000, kwa hivyo kila shilingi inayodaiwa italipwa senti 25. Mwuza mbao atapata 50,000, mwenye nyumba 37,500, na mkopeshaji 12,500. Hakuna anayependelewa kwa kuwa alipiga kelele zaidi. Miaka 3 ikipita, fundi huachiliwa, na mabaki ya madeni hayo hayawezi kudaiwa kwake tena.

Ila mkopo ule wa 50,000 ulikuwa na mdhamini: shemeji yake fundi, aliyeitwa siku moja atie sahihi "kwamba anamjua." Kuachiliwa kwa mufilisi hakumwachilii mdhamini. Zile 37,500 ambazo fundi hadaiwi tena, shemeji anadaiwa, pamoja na riba kama mkataba ulisema hivyo. Tena mkopeshaji hakulazimika kuusubiri ufilisi. Mkataba usiposema vingine, siku ambayo fundi alikosa kulipa, shemeji angeweza kudaiwa moja kwa moja, kabla hata samani moja haijapigwa mnada. Huu ndio moyo wa jambo zima: mdhamini alikusudiwa hasa kwa siku ambayo mdaiwa hana kitu. Anayetia sahihi akijiambia kwamba atalipa tu iwapo mwenzake *atataka* kukwepa, ameisoma hati kinyume.

Shemeji hakuachwa bila haki. Akilipa deni lote, hushika nafasi ya mkopeshaji: rehani yoyote iliyowekwa kwa ajili ya mkopo ule huwa yake, na anaweza kumdai fundi au kuingia katika foleni ya wadai, mradi deni moja lisidaiwe mara mbili. Kama wadhamini walikuwa zaidi ya mmoja, aliyelipa huwadai wenzake mafungu yao. Na mkopeshaji akibadilisha masharti makubwa ya mkopo bila idhini ya mdhamini, mdhamini anaweza kuwa huru, ijapokuwa mikataba mingi ya siku hizi huwa imekwisha kuuziba mwanya huo kwa sentensi moja iliyochapwa kwa herufi ndogo.

Kiswahili kina kitenzi cha kale kinachofaa hapa, nacho ni *wia*. *Kumwia* mtu ni kumdai. *Kuwiwa* ni kudaiwa. Leo kimebaki zaidi katika kurasa za shukrani za tasnifu zetu, ambapo kila mwanafunzi hukiri kwamba "anawiwa" na msimamizi wake, na hakuna aliyewahi kuletewa hati ya siku 21. Ningependekeza kirudishwe kazini. Fomu ya udhamini ingeweza kuwa na sentensi moja ya Kiswahili juu ya mstari wa sahihi: *Mkopaji asipolipa, nitawiwa mimi deni hili lote.*

Sentensi hiyo nilimsomea Mjomba mwaka jana, tulipokuwa tukizungumzia mkopo wangu ambao bado naulipa. Aliisikiliza, akaomba niirudie. Kisha akauliza ni kiasi gani kimebaki.