Mzamo wa Mabamba na Ukubwa wa Matetemeko ya Ardhi

Asimamaye Iten, mashariki ya Eldoret, na kulitazama bonde la Kerio, huona ardhi iliyopasuka kwa kuvutwa pande mbili. Mvuto wa aina hiyo ndio uliozaa tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye kipimo cha 6.9, kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini Kenya. Tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004, ambalo mawimbi yake yaliua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania, lilifikia 9.1. Nishati yake iliishinda ile ya Subukia takriban mara 2,000.

Chanzo cha tofauti hiyo ni upana wa eneo linaloteleza kwa pamoja. Nyufa za Bonde la Ufa ni fupi, tena huteremka kwa mwinamo mkali, hivyo hufika upesi kwenye miamba yenye joto ambayo hujipinda badala ya kukatika. Katika mzamo, yaani pale bamba moja la ardhi linapoingia chini ya jingine, eneo la mgusano huwa pana mno. Kule Sumatra liliachia kwa urefu wa kilomita 1,300 hivi.

Hata hivyo, mizamo haifanani. Chile, ambako bamba huzama kwa mwinamo mdogo, ilipata tetemeko la 9.5 mwaka 1960. Mariana, ambako bamba huzama kwa mwinamo mkali, hakujarekodiwa hata moja la 9. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kuwa bamba la kuogopwa ni lile changa liendalo kasi. Kanuni hiyo ilipendeza kwa wepesi wake, lakini Sumatra, penye mwendo wa polepole, iliitia dosari, na Japani mwaka 2011, penye bamba kongwe mno, ikaizidishia. Sasa huangaliwa zaidi umbo: je, uso wa mgusano umenyooka? Je, mashapo mazito yamevifukia vilima vya chini ya bahari, ambavyo aghalabu huukatiza mpasuko njiani?

Sifa hizo mbili, mwinamo mdogo na mashapo mazito, zipo Makran, kaskazini ya Bahari ya Oman. Upande wake wa mashariki ulitikisika mwaka 1945 kwa kipimo cha 8.1. Ule wa magharibi, unaoelekeana na Maskati yenye Waswahili wengi, umekaa kimya, na wataalamu wangali wanabishana iwapo mabamba yake huteleza taratibu au yamekwamana.