Lazeri na hewa yenye kutetemeka

Katika klasi ya sita kumekuwa mabishano. Wengine wanasema lazeri inakwenda sawasawa kama uzi uliovutwa, hakuna kitu cha kuipindisha isipokuwa kioo. Neno hilo ni kweli pahali pasipo na hewa. Hapa chini kwetu, hapana.

Tutazame kitu kilicho nyuma ya mbabula yenye kuwaka makala. Kinachezacheza, sivyo? Hewa ya moto ni nyepesi, nayo inapindisha mwangaza kidogo kuliko hewa ya baridi. Joto likipanda digri 1, kipimo cha kupindisha kinabadilika karibu sehemu 1 tu juu ya milioni. Mtasema ni bure. Lakini jua la saa sita linachoma udongo, kiisha hewa inapanda vipande vipande, mizunguko mikubwa na midogo, na kila kipande kiko kama lensi. Mizunguko mikubwa inasukuma mwangaza mzima pembeni. Ile midogo inauvunja, nao unawaka na kufifia mara nyingi katika sekunde moja. Hata mbingu ikiwa safi kabisa! Nyota zinametameta juu ya sababu ile ile.

Tena mambo haya yako katika inchi yetu. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, mto katikati, lakini waya ya intaneti ilizunguka zaidi ya kilometa 400, na kule Kinshasa bei ikawa kali. Mwaka 2021 watu wa mradi wa Taara, wa Marekani, walitangaza kwamba wameivusha kwa lazeri isiyoonekana kwa macho, kilometa 4,8 juu ya maji. Tufanye hesabu: mwangaza ukipinda sehemu 1 tu juu ya 100.000, ngambo utaanguka karibu sentimeta 5 pembeni. Mashine ndogo itaukosa. Kwa hiyo waliweka vioo vyenye kujigeuza upesi kuufuata, na kwa siku 20 wakapitisha karibu terabaiti 700.

Kioo kinaweza kufuata mwangaza uliosukumwa. Ule uliovunjika ni kazi ngumu zaidi, na safari ikirefuka unazidi kuvunjika. Ukungu mzito ni shida nyingine tena, sababu unatawanya mwangaza wote.

Wenye kalamu za lazeri: msimulike macho ya mtu, hata kwa mchezo.