MWENYE UPUNGUFU WA KINGA: HALI YAKE NA HAKI YAKE

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, yapasa ijulikane ya kwamba maradhi yaitwayo Ukimwi, maana yake upungufu wa kinga mwilini, yalitambuliwa kwanza katika Tanzania mwaka 1983, huko Kagera. Kirusi chake huingia katika chembe nyeupe za damu, nazo ndizo askari wa mwili, kikawaua kidogo kidogo. Na mji usio askari huingiwa na kila adui. Mkubwa wa maadui hao ni kifua kikuu.

Watu wa pwani waendao bara kwa biashara huijua Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu uliofanywa mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, na vijiji vyake vimetawanyika. Basi mgonjwa aliye kijijini shida yake si dawa, kwani dawa hutolewa bure. Shida yake ni njia. Siku ya kwenda hospitali ni siku iliyopotea shambani, na nauli ni fedha ya chakula. Kwa hiyo aliyetulia katika dawa hupewa ya miezi mitatu au zaidi kwa mara moja, wala hilo si jambo dogo kwa mkulima.

Tangu mwaka 2016 kila aonekanaye na kirusi huanzishwa dawa bila kungoja mwili udhoofike. Wengi leo humeza kidonge kimoja kwa siku, na ndani yake mna dawa tatu. Mwenye kudumu nacho, virusi vikapungua hata kipimo kisivione, hamwambukizi mkewe kwa tendo la ndoa. Habari hii watu hawaisikii; husikia ile ya mauti tu.

Ikiulizwa: na Ramadhani je? Jawabu ni kwamba kidonge cha mara moja kwa siku chaweza kumezwa wakati wa kufuturu au wa daku, baada ya kushauriana na tabibu juu ya saa yake. Ama aliyedhoofika, ruhusa yake ya kula imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Lakini kuacha dawa mwezi mzima kwa kuona haya ni kosa kubwa, maana kirusi huizoea dawa, kisha isimfae tena.

Na haya hiyo huletwa na wenzake. Mtu apangaye chumba na wenziwe msimu wa pamba huficha kichupa chake ndani ya gunia la mchele. Wakiwapo chumbani, hamezi. Nao huogopa nini? Kula naye sahani moja, kunywa kikombe chake, kusimama naye safu moja, hakuambukizi. Tena sheria ya mwaka 2008 yakataza kumbagua, na yakataza kutangaza majibu ya kipimo chake bila ridhaa yake. Na sheria ya dini ilikwisha kuikataza ghiba kabla ya hapo.

Aliyesahau kidonge na akimeze mara akumbukapo. Ila ikikaribia saa ya kidonge cha pili, asimeze viwili pamoja.