Shika Bastola, Achana na Umbea

Kijana wa Diff, Wajir, mwenye hamu ya kufukua mauaji ya zamani ya matajiri, jifunzie kwenye kesi ya mauaji ya Lord Erroll, mkabaila wa Kizungu wa enzi ya ukoloni. Wahusika wakuu wote wamekufa, kesi ilisikilizwa hadharani, na hakuna atakayekugongea mlango usiku.

Kwanza andika yasiyobishaniwa. Alfajiri ya 24 Januari 1941, Erroll alikutwa amekufa ndani ya gari lake aina ya Buick karibu na njiapanda ya Karen, nje ya Nairobi ya wakati huo. Waliomkuta ni wafanyakazi wa lori la maziwa. Ilidhaniwa ni ajali mpaka jeraha la risasi lilipoonekana kichwani. Akashtakiwa Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe, Diana, alikuwa mpenzi wa marehemu. Tarehe 1 Julai akaachiliwa huru.

Wengi huishia kwenye mapenzi na ulevi wa Happy Valley, kundi la walowezi matajiri wa Kizungu. Umbea mtamu huo, lakini haufungi mtu. Wewe fuata bastola. Siku chache kabla ya mauaji, Broughton aliripoti kuibiwa bastola mbili za Colt. Polisi wakaenda shambani Nanyuki alikowahi kujipima shabaha, wakaokota risasi, wakadai zimetoka kwenye silaha moja na iliyomuua Erroll. Wakili wa Broughton, Harry Morris, akawabana: risasi ya mauaji ilikuwa na alama tano za mtutu, na Colt huacha sita. Kesi ikalegea. Sasa jiulize: kama za Nanyuki zilifanana kweli na ya mauaji, je, palikuwa na bastola ya tatu? Swali kama hilo lina thamani kuliko washukiwa kumi.

Kwa kila ushahidi, weka tarehe mbili: ya tukio na ya kusimuliwa. Chukua Juanita Carberry, binti wa mlowezi, aliyekuwa na miaka 15 wakati wa mauaji: alisema Broughton alikiri kwake kuwa ndiye muuaji. Kitabu cha Juanita kilitoka 1999. Hilo halimfanyi mwongo, ila lipime.

Ukihamia visa vya nyumbani, makaratasi yatakuwa haba, maana mengi humalizwa na wazee kwa maslaha, yaani usuluhishi wa kimila. Mtangulize mzee wa ukoo, umwombe ruhusa kabla ya kuuliza wengine. Damu iliyokwisha kulipiwa ngamia haichokonolewi kwa mchezo. Na ukikutana na jina la mtu aliye hai, lipeleke kwa wapelelezi wa DCI, usilirushe TikTok.