Kirusi Kimoja, Umri Tofauti: Somo la Homa ya Ini B



Watu wawili wanaweza kuambukizwa kirusi kilekile cha homa ya ini B, na mwisho wao ukawa tofauti kabisa. Kinachowatofautisha zaidi ni umri walioambukizwa.

Mtu mzima akiambukizwa, kinga ya mwili hukitambua kirusi kuwa ni adui na kuzishambulia seli za ini zilizovamiwa. Anaweza kuchoka sana na macho kuwa ya manjano, lakini wengi hupona ndani ya miezi michache na kubaki na kinga. Wanaobaki na maradhi sugu ni chini ya watu 5 kati ya 100.

Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume. Kinga yake bado changa, na katika umri huo huelekea zaidi kuvumilia kuliko kupigana. Kirusi alichokipata kwa mama wakati wa kuzaliwa hukaa ndani ya ini kama mwenyeji. Takriban watoto 9 kati ya 10 walioambukizwa hivyo hubaki nacho. Miaka mingi baadaye kinga huanza kukishambulia, mara nyingi bila kukimaliza. Mashambulizi hayo huliachia ini makovu, na baadhi ya watu huishia kupata saratani ya ini. Wengi hawahisi chochote mpaka ini limeharibika.

Hili linatuhusu vipi? Uganda iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2002, ikianzia wiki ya 6. Aliyeambukizwa siku ya kuzaliwa huwa amekwisha kuchelewa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza dozi ya kwanza ndani ya saa 24 tangu mtoto azaliwe.

Basi tupime, hasa kabla ya nikahi. Asiye na kirusi wala kinga achanjwe. Mwenye kirusi asikate tamaa: dawa za kukidhibiti zipo, mchumba wake huchanjwa, na mtoto wao hukingwa.

Tena tukumbuke, kirusi hiki hupita kwa damu na majimaji ya mwili, si kwa kupeana mkono wala kula sinia moja. Tusimtenge ndugu yetu kwenye futari kwa jambo ambalo huenda alizaliwa nalo. Mtume (s.a.w.) alituhimiza kutafuta matibabu, kupima ndiyo hatua ya kwanza.