Kupanga Chumba cha Kompyuta

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965; mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziagiza kutoka ng'ambo. Siku hizi chuo cha Temeke au Kinondoni chaweza kujaza chumba kizima.

Tuseme wanafunzi ni 40, kompyuta 20. Kila moja ikila wati 150, zote zala wati 3,000. Kwa saa 4 ni uniti 12 za LUKU. Hesabu hii itangulie ununuzi.

Lakini hakuna ajuaye baiskeli kwa kutazama. Wanafunzi wawili wakipewa kompyuta moja, mwepesi hung'ang'ania kibodi, mwenzake hutoka mikono mitupu. Mimi nimekuwa mwenzake huyo. Basi saa ya ukutani iwemo katika mpango: kila robo saa wabadilishane viti.