Mzazi Akishinda na Wenzake, Hujamtupa

Haya wadogo zangu, leo nazungumza na ninyi mnaouguza wazazi waliopoteza kumbukumbu. Hasa wewe binti uliyerudishwa nyumbani kwa sababu eti huna mume wala kazi ya kukuzuia. Umeachiwa mama ambaye kila jua likishuka anajifunga kanga kiunoni na kusema anataka kwenda kwao, na kwao ni hapohapo alipo. Kaka zako wanatuma hela kwenye simu mwisho wa mwezi, wanauliza kama mama hajambo, wanakata. Usiku hulali, maana ukisinzia atafungua mlango. Mtu akikushauri umpeleke mama akashinde mahali na wazee wenzake, moyo unakwambia huko ni kumtupa.

Si kumtupa, mdogo wangu. Kaa nikueleze.

Kwanza hospitali. Usikubali mtu akwambie "ni uzee tu" kabla mama hajapimwa. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, maambukizi ya njia ya mkojo, sonona, hata dawa anazomeza zikigongana, vyote humvuruga mzee, na vingi hutibika. Ikithibitika kuwa ni dimensia, basi ni ugonjwa wa ubongo. Hakuna aliyemroga, na mama hakukomoi anapouliza jambo moja mara kumi. Tena hayuko peke yake. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta takriban 6 katika kila 100 wanao ugonjwa huu. Kata yako haikosi wengine waliofungiwa ndani kama yeye.

Hai hiyohiyo ilitupa jambo jingine ambalo nalithamini sana. Kuna tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi iliyobuniwa Uingereza: wazee wachache wanakutana mara mbili kwa wiki, wiki 7, vikao 14. Wataalamu waliirekebisha ifae maisha ya vijijini kwetu, wakaijaribu Hai, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kundi lilikuwa dogo, na hakuna aliyepona, kwa sababu dimensia haina dawa ya kuiponya. Lakini wazee walipata nafuu katika kufikiri na kukumbuka, na wasiwasi ukapungua.

Siri ya tiba hiyo unaweza kuanza kuitumia leo jikoni kwako: muulize maoni, usimpe mtihani. Ukimuuliza mama "jana ulikula nini?" au, mbaya zaidi, "unanijua mimi nani?", unamwaibisha mbele ya watu. Muulize, "Mama, mtori na machalari, kipi kitamu?" Hapo hakuna jibu la kukosea. Atakujibu, atabishana na mwenzake, na pengine atakusimulia alivyofundishwa kupika na bibi yake. Ukija kumsalimu, jitaje mwenyewe: "Shikamoo mama, mimi mwanao wa mwisho." Umempunguzia kazi ya kubahatisha.

Kituo kizuri cha mchana, mahali mama atakaposhinda na wenzake, hufuata njia hiyohiyo. Ukienda kukikagua, usidanganywe na vigae na televisheni kubwa. Angalia mikono ya wazee. Kama wanachambua mchele, wanamenya njugu, wanacheza bao, wanaimba nyimbo za kanisani au kaswida walizokua nazo, hapo pana uhai. Kama wamepangwa ukutani wakisubiri chakula, geuza. Uliza nani anampeleka mama chooni na kwa heshima gani. Uliza pia kama wewe unayemuuguza una nafasi pale. Amsterdam, Uholanzi, tangu mwaka 1993 kuna vituo vya mtaani vilivyoanzishwa kwa kazi ya profesa Rose-Marie Dröes, ambavyo humpokea mgonjwa na anayemtunza pamoja: mmoja anapata shughuli, mwingine anapata maarifa na wenzake wa kuzungumza nao. Kwa Kenya, lipo shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, la Elizabeth Mutunga, ambaye baba yake naye aliugua. Nyie wa huko litafuteni, lina vikundi vya wanaouguza.

Siku za mwanzo mama atagoma, pengine atalia. Anza na saa mbili tu, siku zilezile kila wiki, na ukae naye kidogo kabla ya kuondoka. Mfungie mkoba: kanga ya kubadilisha, dawa zake, na karatasi yenye jina analopenda kuitwa, kazi aliyofanya ujanani, na kitu kinachomtuliza akikasirika. Karatasi hiyo itamsaidia mhudumu kuliko cheti chochote. Na wewe ukirudi nyumbani, usikimbilie kufua. Lala.

Najua wengi mtaniambia, "Dada, huku kwetu hakuna kituo." Kweli, sehemu nyingi hakuna. Lakini ukumbi wa kanisa au baraza la msikiti hukaa tupu siku za kazi. Tafuta familia nne zenye mzee wa hali hiyo, zungumza na mwenyekiti wa mtaa, muombe mhudumu wa afya wa jamii awatembelee, mpeane zamu. Asubuhi moja kwa wiki inatosha kuanzia.

Sasa kaka zako. Hela yao ipokee, dawa zinanunuliwa kwa hela. Ila ukiitisha kikao cha familia, omba muda wao. Sema hivi: "Kaka, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ni yako, asubuhi mpaka saa kumi jioni. Dawa nitaziacha mezani na kila kitu nimekiandika." Usieleze unakwenda wapi, wala usiombe radhi. Akisema ana kazi, amlipe mtu wa kushika zamu yake, na kumtafuta mtu huyo ni kazi yake yeye, si yako.